Maua Marefu ya Tigoni

Je, umewahi kusimama kando ya ua likakupita kimo? Sisemi mti kama mjakaranda. Nasema ua la bustanini, lililoanza kama mbegu ndogo kuliko ukucha wa kidole chako cha mwisho, likapanda hadi likagusa mabati ya nyumba. Kama hujaliona, basi Jumapili moja waondoe watoto mbele ya televisheni, mwabiri matatu mwende Tigoni.

Safari si ndefu. Kutoka katikati ya jiji la Nairobi hadi Limuru ni kama kilomita 30 hivi. Mtapita Ruaka, ambako siku hizi magorofa yameota kama uyoga, mpande hadi Banana, kisha mbele kidogo majengo yaanze kupungua na chai ichukue nafasi yake. Hapo ndipo utakapojuta kuacha sweta nyumbani. Sehemu hizi ziko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na wakati wa kipupwe, mwezi wa Julai, ukungu hukaa juu ya majani chai hadi saa nne asubuhi kana kwamba umelipa kodi.

Ni huku Limuru ambako chai ilipandwa kwa mara ya kwanza nchini, mwaka wa 1903. Walowezi waliokuja na miche ya chai walikuja pia na pakiti za mbegu za maua: delfinia, foksglavu, dalia, na lile linaloitwa holioki. Huko Uingereza maua haya marefu hupandwa kuegemea kuta za nyumba ndogo za mashambani, na baridi ya Limuru iliyafaa kabisa. (Ingawa ukifuatilia asili, hata huko Uingereza yalikuwa wageni baadhi yao. Dalia ni ya Meksiko, na holioki ilitoka Asia.) Wazee wa Tigoni watakukumbusha jambo jingine pia, kwamba bustani hizo zilistawi huku wenyeji wakihamishwa kupelekwa Lari, kuelekea mwaka wa 1940. Ua halina kosa, lakini ni vyema ujue limesimama juu ya udongo wa nani.

Mimi huenda Tigoni kwa sababu ya shangazi yangu. Huniita "Baba", kwa kuwa nimepewa jina la babake, na mimi humwita Tata kama ilivyo kwetu. Alichuma chai tangu akiwa msichana. Mwaka wa 1964 familia moja ya walowezi ilipofungasha virago kurudi kwao, mpishi wao alimpa Tata mbegu zilizofungwa ndani ya kitambaa. Hakujua ni za nini. Alizimwaga kando ya ukuta wa jikoni akazisahau. Mwaka uliofuata, anasema, jirani walikuja kuuliza ni dawa ya nini ile.

Nataka nikueleze ua lenyewe, kwa maana picha haitoshi. Mwaka wa kwanza holioki hufanya majani tu, mapana, yenye vinyweleo, yaliyotandazwa chini kama sahani. Mtu asiyejua huling'oa akidhani ni gugu. Kumbe huku chini linashusha mzizi mrefu. Mwaka wa pili hutoa shina moja lililonyooka, ambalo laweza kufika mita 2 na zaidi, na maua hufunguka kuanzia chini kuelekea juu, moja baada ya jingine, kwa wiki kadhaa. Ukivunja jani vidole vitateleza kama vya mtu aliyekata bamia. Usishangae, ni ukoo mmoja: bamia, pamba na haibiskasi ni ndugu za holioki. Ua likinyauka huacha kitumba, na ndani yake mbegu bapa zimepangwa duara, kama sarafu zilizosimamishwa kwa ubavu. Mpe mtoto kimoja akihesabu na hatakusumbua kwa robo saa.

Ya Tata yalikuwa ya waridi, meupe na manjano. Na lilikuwapo moja tu, pembeni karibu na pipa la maji, lenye rangi ya zambarau iliyokolea hadi ukilitazama jioni utasema ni jeusi.

Mara mbili nilibeba mbegu nikazipanda nyumbani kwetu Umoja, na mara mbili nikaaibika. Mara ya kwanza nilipanda Februari, jua likiwa kali. Miche iliota, nikaihamisha ikiwa imeshakua, mzizi ukakatika, ikafa. Mara ya pili nilipanda mwezi wa Machi mvua ilipoanza, na miche ikanawiri. Kwa tamaa niliiacha kumi na miwili ikisongamana mahali pa minne. Kila jioni nilinyunyizia maji juu ya majani kwa mpira, nikijiona mkulima stadi. Kufikia Juni majani yalikuwa na madoa ya manjano. Niligeuza jani moja, nikakuta chini yake limejaa vipele vya rangi ya chungwa. Ilikuwa kutu.

Ugonjwa huu asili yake ni Amerika Kusini. Ulifika Ulaya mwaka wa 1869, na Uingereza mwaka wa 1873. Huko Saffron Walden alikuwako mkulima mmoja, William Chater, aliyesifika kwa holioki zake zenye petali nyingi. Kutu ikamfyekea kazi ya miaka mingi. Niliposoma habari zake nilipata faraja kidogo, kwamba sikuwa mjinga wa kwanza.

Basi sikiliza, ikiwa unataka kujaribu. Panda mbegu pale pale zitakapokaa, sentimita 1 hivi ndani ya udongo, mvua zikianza. Zitachomoza baada ya wiki mbili hivi. Punguza miche ibaki ikiachana kwa nusu mita, na roho isikuume. Mwaga maji kwenye shina asubuhi, wala si juu ya majani. Majani ya chini yakionyesha doa, yakate uyachome, usiyatupe kwenye mbolea. Egemeza shina kwa fito kabla upepo haujakufundisha. Chagua ukuta unaopata jua nusu ya siku au zaidi. Kwa samadi, kama huna ng'ombe, tumia majani ya yale maua marefu ya manjano yanayofanya ua wa mashamba kule Nyanza na Magharibi, yaitwayo tithonia. Yakatekate uyachanganye na udongo wiki moja au mbili kabla ya kupanda. Yana naitrojeni na potashi kwa wingi na hayauzwi.

Unaishi ghorofani? Debe lililotobolewa chini laweza kubeba mche mmoja, maadamu lina kina cha kutosha kwa mzizi ule. Ikiwa watoto hawana subira ya mwaka mzima, waanzishie alizeti, ambalo litawapita kimo kwa miezi mitatu. Lakini foksglavu na delfinia usiziweke mahali penye watoto wadogo. Ni kweli foksglavu ndiyo iliyowapa madaktari dawa ya moyo, tangu William Withering alipoandika habari zake mwaka wa 1785, ila jani lake likitafunwa ni sumu.

Mwezi uliopita nilikwenda Tigoni tena, na safari hii haikuwa ya matembezi. Robo eka ya Tata imegawanywa. Binamu zangu wamekubaliana na mnunuzi, na nyumba ile ya mbao itabomolewa. Tata atahamia kwa binti yake, kwenye nyumba ya orofa ya tatu. Sikusema neno juu ya hayo, kwa kuwa mashamba hugawanywa na watoto wa watu wana karo za kulipa. Lakini nilipofika nilimkuta ameketi kwenye kigoda, mkebe wa mafuta ya kupikia mapajani, akipukutisha mbegu kavu.

"Baba," akaniambia, "hizi ni za wote. Lakini yule mweusi siwezi kukuahidi."

Alinieleza kile ambacho alikijua kwa macho yake, miaka yote hiyo. Nyuki hutoka ua hili wakaingia lile, na mbegu ya mweusi huweza kukuletea mtoto wa waridi. Mara tatu alijaribu, mara tatu akapata waridi. Njia ya uhakika ni chipukizi linalotoka kando ya shina, likiwa na mzizi wake, maana hilo halina baba mwingine.

Akainuka, akachukua panga mwenyewe, akakataa nimsaidie. Alichimba taratibu karibu na pipa kama mtu anayetoa mwiba. Alitoka na chipukizi lenye majani manne na mzizi usiozidi kidole. Akalipunguza majani yakabaki mawili, ili lisinyonye maji kuliko linavyoweza kupata. Tulilifunga kwa gazeti lililoloweshwa, kisha mfuko. Kwenye matatu nililipakata njia nzima, na kondakta akataka kujua kama ni mboga.

Leo ni siku ya ishirini na sita. Liko kando ya ukuta wetu wa mashariki, chini ya kivuli cha gunia ninachokiondoa asubuhi. Yale majani mawili yalinyauka na kuanguka, na kwa siku tisa palikuwa na kijiti tu. Juzi lilitoa jani jipya, dogo, limekunjamana kama sikio la panya. Tata hupiga simu kila jioni kuuliza habari zake kabla hajauliza za watoto. Nimeligeuza jani hilo nikatazama chini yake. Mpaka sasa ni safi.