Mtaro Utaishia Wapi?



Jumapili hii naomba ruhusa yako nikusimulie jambo la aibu yangu mwenyewe. Mwandishi wa habari amezoea kuwauliza watu maswali. Leo swali ni langu, na aliyeniuliza ni shangazi yangu.

Shangazi anaishi katika mji mdogo mmoja kando ya reli, huku kwetu kwenye uwanda wa kati. Mji huo sitautaja wala ofisi yake, kwa kuwa sikukusudia kumshitaki mtu. Nyumba yake ya vyumba vitatu imesimama mahali palipokuwa na tembe ya marehemu babu, karibu na korongo ambalo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni njia ya mbuzi tu.

Mwaka juzi mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano. Wananchi wakaelezwa kwamba utajengwa mtaro wa mawe wa kuondoa maji ya mvua, na kwamba mkandarasi amekwisha patikana. Shangazi alirudi nyumbani akanipigia simu.

"Mwanangu, wewe umesoma. Wametaja karatasi yenye orodha ya kazi na bei zake. Hebu niulizie, mtaro huo utaishia wapi?"

Nilikuwa na habari ya kukamilisha kabla ya saa kumi. Nikamjibu, "Shangazi, hayo ni mambo ya wataalamu. Waache wafanye kazi yao."

"Haya, mwanangu," akasema, tukaagana.

Mtaro ukajengwa, tena kwa ustadi. Mawe yalipangwa sawasawa na saruji haikupunjwa. Kisha ikaja Januari. Unajua, ndugu msomaji, mvua ya huku ilivyo. Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, nazo karibu zote huanguka kati ya Desemba na Aprili, aghalabu kwa kishindo, juu ya ardhi iliyokaushwa na jua hata ikawa ngumu kama sakafu. Maji hayazami, hukimbia. Usiku ule yalikimbia ndani ya mtaro kama yalivyotakiwa, yakafika mwisho wake. Mwisho wake ulikuwa hatua arobaini kabla ya korongo, mbele ya jiko la shangazi. Magunia mawili ya uwele yaliharibika, kuku wote wakafa, na ukuta wa jiko ukaanguka. Yeye na mjukuu wake walikesha juu ya kitanda.

SIKUMPATA MWIZI

Nilikwenda mjini kwao nikiwa na hasira na daftari, nikimtafuta mwizi. Mhandisi mmoja kijana alinifungulia jalada bila kusita. Mkataba ulisema mita 400, na mkandarasi amejenga mita 400. Fedha zilizotengwa ziliishia hapo. Kipande kilichobaki kilisubiri mwaka wa fedha unaofuata. Kila sahihi ilikuwa mahali pake.

Kosa nililolikuta halikuwa la wizi. Kazi ile ilikuwa imepimwa kwa urefu wa fedha, haikupimwa kwa njia ya maji. Fundi mzoefu wa mitaro atakuambia kwamba kazi ya namna hiyo huanzia bondeni, maji yanakotokea, ikapanda kuelekea juu. Fedha zikikatika katikati, kipande kilichokwisha jengwa kinaendelea kufanya kazi. Ukianzia juu na fedha zikikatika, umewachimbia maji njia ya kwenda jikoni kwa mtu. Shangazi hakusomea uhandisi, lakini alilijua hilo. Aliuliza kwa wakati wake, nami ndiye niliyemnyamazisha. Majuto ni mjukuu.

MPANGO NA MWENYE MJI

Tangu siku hiyo naitazama Dodoma yetu kwa jicho jingine. Mwaka 1973 matawi ya TANU nchini yaliulizwa kama makao makuu ya nchi yahamie hapa, na mengi yakakubali. Mpango Mkuu wa mji ukatolewa mwaka 1976, ukiwa umechorwa na kampuni ya washauri kutoka Toronto, Kanada. Ulikuwa mpango wa heshima: mji wa watembea kwa miguu na mabasi, ambamo mitaa inakua kutoka kwenye shina la nyumba kumi.

Lakini kumbuka, ndugu msomaji, kwamba halmashauri za miji zilikuwa zimevunjwa chini ya Madaraka Mikoani, zikarudishwa mwaka 1978. Kwa hiyo ramani ya mji ilichorwa wakati mji wenyewe hauna madiwani wa kuiuliza maswali. Na hata baraza liliporudi, viwanja na ujenzi vilikuwa mikononi mwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Kwa miaka mingi mkazi wa Dodoma alikuwa na wakubwa wawili, na hati ya kiwanja ya miaka 33, wakati kwingineko nchini watu walipata ya miaka 99. Mei 2017 CDA ilivunjwa na kazi zake zikakabidhiwa halmashauri. Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 hapa. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179. Kila mmoja wao anahitaji mahali pa kulala, na maji ya mvua yake yanahitaji mahali pa kwenda.

Sheria zipo. Ununuzi wa umma una sheria yake mpya ya mwaka 2023, na zabuni sasa hupitishwa katika mtandao wa kompyuta badala ya bahasha. Katiba, katika ibara ya 145 na 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kuwapa wananchi madaraka. Lakini madaraka hayo hayana maana ikiwa mkutano wa mtaa unaitwa wakati mkandarasi amekwisha patikana. Wakati huo wananchi hawashauriwi tena, wanaarifiwa.

Basi mkutano ukiitishwa mtaani kwako, nenda, na umchukue mzee anayejua maji yalikopita zamani. Uliza kazi inaanzia wapi na kuishia wapi. Uliza nani anaisimamia, na kasoro zikionekana baada ya kukabidhiwa, mkandarasi anawajibika kuzirekebisha kwa muda gani. Uliza fedha zikipungua, kipande gani kitaachwa. Kuuliza si ujinga, wala si uadui kwa kiongozi. Na wewe uliyesoma, usimjibu mzazi wako kama nilivyomjibu wangu.

Kipande kile cha hatua arobaini kimekwisha jengwa. Safari hii mkutano uliitwa mapema, nami nilihudhuria, nikaketi kwenye benchi karibu na shangazi. Mhandisi alieleza vizuri, akaonyesha mchoro, akasema sasa maji yote yatafika korongoni. Watu wakapiga makofi. Shangazi akanyosha mkono, akasimama polepole.

"Ahsante, mwanangu," akamwambia. "Na huko chini korongo linakoyapeleka, wanaishi akina nani, nao wameambiwa?"

Mhandisi alikunja mchoro wake, akatoa kalamu, akaandika.