Honi Moja Fupi

Mlango wa mbele wa nyumba yetu ya Majengo, hapa Songea, unazuiwa na kipande cha mninga. Kimechongwa kama kabari: nyuma kimenenepa kiasi cha ngumi mbili, mbele kimekuwa chembamba kama ulimi. Upande wa mteremko umeingia mistari ya tairi, na pembeni kuna doa la grisi ambalo mama alilisugua kwa majivu mpaka akachoka. Wageni hudhani ni kitu cha kuzuilia mlango tu. Sisi tunakiita gogo la baba.

Baba alikuwa dereva wa lori. Alianza kama utingo mwaka 1968, kwenye Bedford ya mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini, na utingo wa enzi hizo kazi yake ilijulikana. Lori likianza kushindwa mlima unaruka chini na gogo mkononi, unakimbilia nyuma ya tairi, na kila likijikongoja mbele kidogo unalisogezea gogo lisirudi nyuma. Tope linakurukia machoni, moshi unakuingia kifuani, na watu waliokaa juu ya magunia wamekukabidhi roho zao. Baba alipopata leseni na kukaa kwenye usukani alilichukua gogo lile akaliweka chini ya kiti chake. Utingo wake alipewa jingine.

Barabara yake ilikuwa ya Songea kwenda Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita zipatazo 170. Ni kipande cha mwisho cha njia ndefu inayotoka Mtwara na kukata kusini yote ya nchi, zaidi ya kilomita 800 kutoka baharini mpaka ziwani. Ukitoka mjini unapita Likuyufusi, unafika Kitai, halafu Kigonsera, halafu Mbinga. Mpaka hapo dereva anaweza kupiga soga. Shughuli yenyewe ilianzia Mbinga kuendelea mbele. Vilele vya Umatengo vinakaribia mita 2,000 na Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500, na kutoka Mbinga mjini hadi ziwani ni kilomita 66 tu. Barabara ya zamani haikuwa na ujanja mwingine ila kujizungusha: ikumbate mlima huu, iuachie, idake mwingine, ichungulie bonde, irudi nyuma, kisha iteremke tena.

Wamatengo wenyewe walishajua siku nyingi namna ya kukaa na mteremko. Vita vya Wangoni vilipowasukuma milimani katika karne ya 19, huko huko juu wakalima kwa ngoro. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokingamana, wanawake hufukua udongo wa katikati na kuyafunika, na mlima mzima unabaki na mashimo yaliyopangana kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha kila shimo linashika maji yake na udongo wake. Baba alikuwa Mnyasa, mtu wa ufukweni, aliyekulia kwenye mitumbwi, usipa na mbasa, lakini kwa ngoro aliwavulia kofia majirani zake wa juu. “Hawa hawashindani na mlima, mwanangu,” aliniambia. “Wanausikiliza.”

Yeye naye aliusikiliza kwa namna yake. Kila kona ya kutoka Mbinga kuteremka ziwani aliipa jina, au alilikuta jina lake kwa madereva waliomtangulia. Palikuwa na Kona ya Sufuria, ambako vyombo vya harusi vilimwagika vikabingirika hadi bondeni. Palikuwa na Vua Kofia, ambako upepo hauna adabu na mzee yeyote. Palikuwa na Shusha Roho, ambako ziwa linajitokeza kwa mara ya kwanza, chini kabisa, linang’aa kama bati jipya. Nikiwa mtoto nilikaa katikati yake na utingo, naye alizitaja moja moja kama mtu anayesalimia watu wa mtaani kwake.

Kona moja hakuwahi kuipa jina. Akiifikia alinyamaza, alipiga honi moja fupi, kisha akaendelea.

Ilikuwa Machi 1988, kifuku kimekaza. Tulikuwa kwa bibi, ziwani, na mdogo wetu wa mwisho alikuwa na miaka mitatu. Homa ilipanda usiku, alfajiri degedege likaanza. Baba akawasha lori kumkimbiza Mbinga. Tulikwama kwenye kona ile saa tano asubuhi. Watu wa kijiji cha jirani walitoka na majembe na matawi ya kutandika chini ya matairi, wakasukuma, wakateleza, wakasukuma tena, wala hakuna aliyewaita. Lori lilipotoka kwenye tope saa tisa alasiri, mama alikuwa ameshamfunika mtoto uso kwa khanga. Baba alishuka, akasimama mbele ya gari, akalikazia macho kama mtu anayesubiri liseme kitu. Kisha akapanda, akapiga honi mara moja, akaendelea mpaka alipopata pa kugeuzia. Tulimzika jioni ya siku ya pili.

Nimelisema hilo nisije nikadhaniwa ninalilia tope. Sililii. Lami ilipokuja nilishangilia, na hata leo nikiona gari la wagonjwa likipanda kutoka ziwani bila kupunguza mwendo, moyo wangu unatulia. Mtoto aliyemo ndani atafika.

Kwetu Ruvuma lami imekuja kwa awamu. Ya kutoka Makambako ilitufikia miaka ya 1980, kwa msaada wa Uingereza, na kabla ya hapo kwenda Njombe wakati wa mvua ilikuwa safari ya kuagana. Februari 2008 Rais Kikwete na Rais George W. Bush walitia saini Dar es Salaam mkataba wa fedha za Changamoto za Milenia, na kwa fedha hizo barabara ya Peramiho hadi Mbinga ikawekwa lami mwanzoni mwa muongo uliofuata. Baba alikuwa ameshastaafu. Nilimpeleka kwa basi aione. Njia nzima mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga sakafu ya basi kila tukikaribia mteremko, anafunga breki asizokuwa nazo. Tulipofika Mbinga aliniuliza, “Na huku kwingine, mpaka nyumbani, lini?” Nikamwambia bado kidogo.

Hakungoja. Alifariki Majengo, Machi 2017, usiku wa mvua, na alikuwa ameshatuambia anataka kulala ziwani karibu na mwanawe.

Kwa hiyo safari yake ya mwisho aliifanya kwenye barabara ile ile. Gari lililobeba jeneza aliliendesha utingo wake wa zamani, naye wakati huo mvi zimeshamjaa. Nilichukua gogo pale mlangoni nikaliweka miguuni pangu. Sikujua kwa nini nalichukua, mpaka tulipofika kwenye mpando wa pili baada ya Mbinga, gari likaanza kuteleza. Mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na tisa ambaye hajawahi kuwa utingo wa mtu, alilinyakua akaruka nalo. Lilishika. Kwenye vijiji tulivyopita watu waliweka majembe chini, wakasimama, wanaume wakavua kofia. Wazee wengine waliuliza ni nani, na wakiambiwa, walitaja namba za lori lake la mwisho. Tulisali rozari mpaka mafungu yakatuchanganya, tukaimba, tukanyamaza, tukala mihogo ya kuchemsha aliyotupa mama mmoja kando ya njia, tukalia tena. Kwenye kona isiyo na jina mzee yule alipunguza mwendo, akapiga honi moja fupi. Hakuna aliyemwagiza. Tulifika ziwani usiku mkubwa, tumechoka mpaka kwenye mifupa, na pale ndipo nilipojua kwamba baba amekufa. Tulipotoka Songea asubuhi nilikuwa nimeambiwa tu.

Mwaka uliofuata ujenzi ukaanza, safari hii kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mitambo ikaupasua mlima pale ambapo barabara ya zamani iliuzunguka. Kona zilinyooshwa, makorongo yakajazwa, kingo zikawekewa vyuma. Ni kazi kubwa, na walioifanya wanastahili shukrani yetu.

Mwaka 2023 tulimzika shangazi, dada yake baba. Tulitoka Majengo baada ya misa, tukafika kaburini jua bado liko juu. Rozari tuliimaliza mara moja na nafasi ikabaki ya kuangalia simu. Vijijini watu walikuwepo, lakini gari linalopita kwa kasi halimpi mtu nafasi ya kutambua kwamba ndani mna jeneza. Kofia atavua saa ngapi? Nilimtafutia mpwa wangu, ambaye sasa ndiye aliyekuwa akiendesha, ile kona. Nilitazama kushoto, nikatazama kulia. Nilipoona Shusha Roho, au kilichobaki cha Shusha Roho, nilijua tumeshapita. Honi haikupigwa.

Nililia pale, na waliokuwamo garini wakadhani ninamlilia shangazi. Nilikuwa ninamlilia yeye na wengine wawili, lakini zaidi ya hapo nilikuwa nimeshikwa na hofu ambayo sikuwahi kuijua. Waliokuwa wakizijua zile kona kwa majina wamekwenda. Mzee utingo naye alifariki kipindi cha ujenzi. Usiku ule nilijaribu kuziandika kwenye daftari: zilikuja kumi na tisa, na ninajua zilizidi thelathini. Hazimo kwenye ramani yoyote, maana hazikuwahi kuwa za ramani. Zilikuwa kinywani mwa watu, na mlima uliozishikilia nao umekatwa. Sitaki barabara ile irudi. Namtaka aliyeijua.

Mwaka huo huo, tarehe 1 Novemba, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikuja Songea. Alifika kwenye makumbusho ya Majimaji pale Mahenge, palipo na kaburi la mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, na kaburi la Nduna Songea Mbano peke yake. Inaaminika fuvu la Nduna lilichukuliwa kupelekwa Ujerumani. Mgeni yule aliomba radhi kwa yaliyotendwa na watu wake, akaahidi kwamba watajitahidi kulitafuta. Mimi nimekulia mwendo wa miguu kutoka makaburi hayo, na kila Februari nimeona watu wakikusanyika pale, lakini siku ile niliyafikiria upya. Zaidi ya miaka 100 mji huu umekaa na mtu wake aliyepungua. Haukujaza pengo lake, wala haukulisahau. Kilichouwezesha ni kitu kidogo: mahali pa kusimama, na siku ya kusimama hapo.

Ndipo nikaelewa kilichoniliza kule mlimani. Kona isiyo na jina ndipo palipokuwa mahali petu pa kusimama. Baba hakuwa mtu wa maneno. Msiba wa mwanawe wote, miaka yote, aliuweka kwenye honi ile. Ilidumu muda wa kufumba na kufumbua, lakini ilikuwa na mahali pake. Barabara mpya haikutunyima chochote kwa makusudi. Ilitupitisha tu upande wa pili, haraka.

Baada ya Krismasi nilirudi na mpwa wangu, tukaenda polepole. Tulipata palipochepukia barabara ya zamani: kipande cha udongo mwekundu, upana wa lori moja, kinaingia kwenye majani marefu chini ya lami. Tuliacha gari kando tukateremka kwa miguu. Migomba imeanza kuota pale tulipokwama. Mtu amelima maharage kwenye ukingo, kwa ngoro, mashimo manne tu, na ndani yake mlikuwa na maji ya mvua ya jana. Juu yetu magari yalipita, tuliyasikia bila kuyaona. Mpwa wangu aliniuliza, “Mama mdogo, ni hapa?” Nikamwambia ni hapa, nikamhadithia yote, tope, majembe, khanga, saa tano mpaka saa tisa. Alikuwa hajawahi kusikia. Mama yake, dada yangu, hakuwahi kuweza kumwambia.

Tulipopanda tena barabarani alisimama mlangoni mwa gari akatazama huku na huku, akatafuta alama. Akachagua: nguzo ya tatu ya kingo za chuma baada ya kalavati, ukitokea juu. Haina sifa yoyote, inafanana na wenzake wote.

Sasa hivi yeye husafiri njia hiyo kila wiki, anapeleka simenti ziwani na kurudi na usipa. Mara nyingine mimi huwa naye, nimekaa upande wa pili, mguu wangu wa kulia unakanyaga sakafu. Gogo tuliliacha Majengo, mlangoni. Akifika kwenye nguzo ile hanitazami, wala siku hizi simkumbushi. Anapiga moja, fupi, kisha tunaendelea kuteremka.