Ukuta Usiofika Paa

Usidhani nyumba zote ni sawa mbele ya moto. Wajenzi huzipanga kwa aina na kuzipima kwa saa: ukuta huu utauzuia moto saa moja, ule saa mbili. Za mbao huwa za mwisho. Bweni la Hillside Endarasha kule Nyeri, lililoungua Septemba 2024 wakafa wavulana 21, lilikuwa la mbao. Sisi wa shule ya kutwa huambiwa tuna bahati kwa kuwa hatulali bwenini. Sijui!

Hapa Malaba tuna nyumba za kila aina. Kwa nyanya ukuta ni wa udongo, nao udongo hauungui. Hatari iko juu, kwenye nyasi. Barabarani vibanda vya mbao vimebanana, na malori ya mafuta yaendayo Uganda hupiga foleni karibu na majiko ya mama chapati.

Sisi tumepanga kwenye ploti ya vyumba kumi vya matofali ya kuchoma. Matofali hayo yalishapitia moto wa tanuri, kwa hivyo yangestahili sifa. Lakini kuta za kati hazifiki kwenye mabati. Usiku mmoja niliona moshi wa jiko la jirani ukivuka juu ya ukuta hadi kitandani kwa wadogo zangu. Moto nao ungepita papo hapo. Basi vyumba kumi ni chumba kimoja tu.

Baba amemwomba mwenye ploti aturuhusu tuzibe pengo letu kwa gharama yetu. Amesema atatujibu akija kuchukua kodi.