Njia ya Mpanda na silinda ya tatu

Mpanda si mji ambao mtu huufikia kwa kupotea njia. Afikaye huko amekusudia, na kwa miaka mingi aliyekusudia alipanda treni. Tawi la reli litokalo Kaliua lilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa ajili ya madini ya risasi. Madini yalipofifia, reli ikabaki na watu na magunia yao. Tangu mwaka 2012 mji huo ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa. Humo utawakuta Wabende, Wakonongo na Wapimbwe ambao ndio wenyeji, Wasukuma waliofuata malisho, na watu wa Katumba na Mishamo, makazi waliyopewa wakimbizi wa Burundi katika miaka ya 1970, ambao wengi wao sasa ni raia wa Tanzania. Nyumba za kulala wageni ni za kawaida, chai ni nzuri, na adhana ya alfajiri husikika vizuri kwa kuwa mji huamka taratibu.

Tulilala hapo usiku mmoja tukitokea Tabora, tukielekea Sumbawanga kwenye nikahi. Safari hiyo haikuwa ya kuahirishwa. Binti anayeolewa hana baba, babu wala kaka aliye hai. Walii wake ni ami yake, na ami huyo ndiye aliyekuwa amekaa kiti cha mbele cha gari letu. Mwenyewe alikwisha kusema kwamba, likishindikana, atampa mtu wa kule uwakala wa kuozesha. Lakini alilisema kwa sauti ya mtu asiyetaka lifike huko.

Asubuhi gari lilipowashwa lilitetemeka kama mwenye homa. Mafundi wetu husema gari "linamisi": silinda moja haichomi mafuta yake, na nyingine zinabeba mzigo wa mwenzao. Taa ya injini kwenye dashibodi haikutulia, ilikuwa ikipepesa. Wapo waliosema twende tu, litachangamka likipata moto. Ami akauliza swali moja: mbele kuna nini? Mbele, takriban kilomita 35, kuna Sitalike, na baada ya Sitalike barabara inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambako mtu hashuki garini kufungua boneti mbele ya simba. Tukageuza gari kuelekea gereji.

Fundi tuliyempata alikuwa kijana asiyefika miaka thelathini. Alimwamkia ami, "Shikamoo baba," kisha akasimama nyuma ya gari bila kugusa kitu, akisikiliza eksozi. "Baba, hili linatembea kwa miguu mitatu," akasema.

Alichokifanya baadaye kinafaa kujulikana na kila familia inayomiliki gari la petroli. Injini ikiwa inaunguruma, alichomoa soketi ya umeme ya koili ya kwanza. Injini ikazidi kuzama. Maana yake silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Akairudisha, akachomoa ya pili, ikazama vilevile. Alipochomoa ya tatu hapakuwa na tofauti yoyote. Ya nne ikazama. Ndipo alipochomeka mashine yake ndogo ya kupimia chini ya usukani, nayo ikaandika P0303. Tarakimu ya mwisho ndiyo namba ya silinda. Tulipendezwa kwamba alitumia masikio kwanza, mashine ikaja kama shahidi wa pili.

Lakini kujua silinda si kujua ugonjwa. Alizima injini, akaitoa koili ya tatu, akatuonyesha mpira wake wa chini: umelowa oili. Shimo la plagi lilikuwa na oili iliyovuja kutoka gasketi ya tapeti kava, yaani kifuniko cha juu cha injini. Oili hulainisha mpira na kuuharibu, cheche ikapata njia ya mkato badala ya kufika kwenye plagi, na mwishowe koili yenyewe hufa. Akasafisha, kisha akabadilishana koili ya tatu na ya kwanza. Injini ilipowashwa tena, mashine ikasoma P0301: ugonjwa umehama pamoja na koili. Ungebaki silinda ya tatu, angetazama plagi, kisha nozeli, na mwisho angepima mgandamizo wa silinda, ambao ukikutwa mdogo ni habari ya valvu au ringi za pistoni, na safari ingekuwa imekwisha.

Mmoja wetu, kwa haraka ya harusi, alimwambia aweke koili nne mpya yaishe. Fundi akakataa. "Tatu ni nzima, kaka. Nitawauzia za nini?" Akaweka koili moja, gasketi mpya, na plagi zote nne kwa kuwa zilikuwa zimechakaa pamoja. Kuhusu ile taa ya kupepesa alikuwa mkali: petroli isiyochomwa huenda kuungulia ndani ya eksozi, kwenye masega ya kusafishia moshi, yakawaka moto hadi kuharibika. Na huo ulikuwa msimu wa kiangazi, nyasi za Katavi zimekauka.

Tulisali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kupunguza, tukaondoka. Kwenye daraja la Sitalike watoto waliwaona viboko wa Mto Katuma wamelaliana matopeni kama mawe yaliyopakwa mafuta. Maji ya kiangazi yakipungua, wote hubanana kwenye madimbwi yaliyobaki. Hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 1974 na baadaye kupanuliwa hadi kilomita za mraba 4,471, haina msongamano wa watalii kama ya kaskazini. Tulikutana na malori mawili, twiga mmoja, na mbung'o wasiohesabika walioingia kila dirisha lilipofunguliwa. Simu zilipoteza mtandao. Ami hakusema neno. Alikuwa akisikiliza injini. Ilipoanza kupanda kuelekea nyanda za Ufipa bila kukwama, akavuta koti, maana baridi ya huko haina utani, akasinzia.

Kesho yake aliozesha kwa ulimi wake mwenyewe.

Siku nne baadaye, tukirudi, tulisimama Mpanda kama fundi alivyotuagiza. Alitoa koili ya tatu, akaingiza kitambaa cheupe kwenye shimo la plagi, akakitoa kikavu. Hakutaka malipo kwa kazi hiyo. Alipokea pilau iliyofungwa kwenye bakuli, na akauliza kama bibi harusi ni mtu wa Tabora.