Vidole viwili

Najua nimepotea. Wengine mmefika mpaka kunitumia meseji kuuliza kama nimedisco. Sijadisco (bado!). Ni mkono tu.

Kwa wasiojua: wiki ya tatu ya semista nilianguka na bodaboda. Mchanga ulikuwa mwingi kwenye kona, dereva akainuka anajikung'uta vumbi, mimi nikatua na kiganja cha kulia. Wiki sita za hogo. Noti nilizoandika kwa mkono wa kushoto utadhani kuku kapita na miguu ya tope, yaani desa langu mwenyewe silisomi. Lakini hilo si lililoniuma. Hogo limetolewa, mfupa umeunga, ila kidole cha pete na kile cha mwisho vimegoma. Vinajikunja vyenyewe, nikivinyoosha vinatetemeka. Na mnajua mimi ndiye niliyekuwa napiga kinanda kwenye kwaya tangu mwaka wa kwanza. Sasa hivi anapiga binti mmoja mgeni, na anapiga vizuri, jamani nisiwe mnafiki. Nikaacha kwenda mazoezini. Mwalimu wa kwaya akinipigia sipokei.

Basi bwana, juzi usiku mshikaji ninayekaa naye chumba kimoja kaniambia, "Acha kununa, hebu msome huyu mzee." Nikakaa mpaka saa tisa usiku, bando lote la wiki likaisha.

Mzee mwenyewe ni Leon Fleisher, Mmarekani, mpiga piano. Kazaliwa San Francisco mwaka 1928. Alipofika miaka tisa akachukuliwa na mwalimu mkubwa wa enzi hizo, Artur Schnabel, ambaye kwa kawaida hakuwa anafundisha watoto. Schnabel alifundishwa na Leschetizky, Leschetizky na Czerny, na Czerny na Beethoven mwenyewe. Hesabuni wenyewe hapo! Miaka 16 akapiga na New York Philharmonic, hiyo ni 1944. Mwaka 1952 akashinda mashindano ya Malkia Elisabeth kule Brussels, Mmarekani wa kwanza kuyashinda. Konseto zote tano za Beethoven alizirekodi na okestra ya Cleveland chini ya George Szell, na mpaka leo watu wanazitafuta.

Halafu, akiwa na miaka 36 hivi, vidole viwili vya mkono wa kulia vikaanza kujikunja. Cha pete na cha mwisho. Nilipofika hapo nikaweka simu pembeni kidogo.

Mwaka 1965 alikuwa aende na Cleveland ziara ya Urusi ya Kisovieti, akashindwa. Yeye hakuanguka na kitu. Ugonjwa wake unaitwa distonia: mkono wenyewe mzima, tatizo ni amri zinazotoka kwenye ubongo, misuli inakazwa bila mwenyewe kutaka. Miaka mingi hakuna daktari aliyemwambia hilo. Alikata tamaa mpaka akawaza kujiua, alisema mwenyewe baadaye. Akafuga ndevu na nywele ndefu, akanunua Vespa. (Mimi kipikipiki ndicho kilichoniponza, yeye ndicho kilichomliwaza. Dunia hii.)

Kilichomrudisha kazini ni mkono wa kushoto. Alikuwepo Paul Wittgenstein, mpiga piano wa Vienna, aliyekatwa mkono wa kulia kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Familia yao ilikuwa na hela, akawaagiza watunzi wamwandikie vipande vya mkono mmoja. Ravel akamwandikia konseto nzima, akaimaliza 1930. Ukiisikiliza umefumba macho, huwezi kuamini ni vidole vitano tu. Fleisher akaishi na hiyo konseto miaka na miaka. Akaongoza okestra pia, na pale Peabody, Baltimore, akaendelea kufundisha. Kwa vile hakuweza tena kumwonyesha mwanafunzi kwa kupiga, ilibidi atafute maneno.

Sehemu iliyonikaa zaidi ni ya 1982. Ukumbi mpya unafunguliwa Baltimore, yeye anarudi kupiga kwa mikono miwili, watu wanashangilia. Lakini yeye alijua mkono haujapona. Akarudi kwenye kushoto! Mimi ningejikausha tu, nani angejua?

Miaka ya tisini ndipo sindano za Botox (ndiyo, zile zile za makunyanzi) zikamlegeza misuli. Mwaka 2004 akatoa albamu ya mikono miwili, baada ya kama miaka 40. Inaanza na Bach, ile ambayo wanakwaya wengi mnaijua. Anaipiga polepole, hana papara hata kidogo. Hakuwahi kupona kabisa, sindano aliendelea nazo. Alifariki Agosti 2020, miaka 92.

Wangu si ugonjwa wake, najua. Mtaalamu wa mazoezi kaniambia huenda miezi sita, huenda zaidi, hakuahidi kitu. Kila jioni nabonyeza mpira wa soksi kama kichaa.

Ila jana nimepokea simu ya mwalimu wa kwaya. Nilijiandaa kusemwa. Akaniuliza tu, "Wa kushoto mzima?" Nikamwambia mzima, mwalimu. "Basi njoo upige besi, sauti ya juu atapiga yule binti. Kinanda ni kirefu, mtatosha." Nikakumbuka Fleisher naye alikuwa akipiga na mke wake piano moja, mikono minne. Yetu itakuwa mitatu, na tusizushe mambo mengine hapa tafadhali, nawajua.

Mazoezi ni Jumamosi saa kumi. Sijui binti ataipokeaje, maana sijawahi hata kumsalimia vizuri. Nikirudi nitawaambia. Mwenye noti za wiki ya tatu mpaka ya tisa zinazosomeka anitafute, soda juu yangu boom likitoka.