Tazama Miguu

Mpanda, Oktoba

Mjomba,

Vumbi la huku limeniingia hadi masikioni. Nilikuja kwa treni kutoka Tabora, kwa reli ile waliyoijenga wakoloni kuufuata mgodi wa risasi. Habari za njiani nitakusimulia nikirudi. Leo nakuandikia kwa sababu ya ubishi wetu.

Unakumbuka ile siku Pangani, maji yamekupwa, tukiwatazama yangeyange matopeni? Ulisema yangeyange ni mmoja tu. Mdogo ni kinda, mkubwa ni mzazi wake. Nilinyamaza kwa adabu, lakini moyoni sikukubali.

Juzi nimekwenda Sitalike, mwendo wa kilomita 35 hivi kusini ya mji, kwenye lango la Hifadhi ya Katavi. Kiangazi kimekomaa. Mto Katuma, unaoyalisha maziwa ya msimu ya Katavi na Chada, umebaki madimbwi, na huko juu wakulima wa mpunga nao wanayataka maji hayohayo. Viboko wamerundikana kwenye tope kama magunia gatini. Kambale wanahema juujuu. Na kando yao, weupe peee, wamesimama hao tunaobishania.

Askari wa hifadhi aliyenisindikiza alinisikiliza nikijitapa kuwajua, akacheka. "Weupe wao usikushughulishe," akasema. "Tazama miguu."

Basi nikatazama. Mkubwa kuliko wote, kimo karibu mita moja, ana miguu myeusi tangu juu hadi kuchani, na shingo iliyovunjika katikati kama kiwiko. Huyo hana haraka. Alisimama hadi shingo ikaniuma mimi, kisha akachoma maji mara moja tu, kambale mdomoni. Pembeni yake alikuwapo wa kimo cha kati, nami nikamwita mkubwa mara mbili, nikakosolewa mara mbili. Mdomo wa huyu ni mfupi zaidi, na juu ya goti mguu wake una umanjano. Tofauti ya hakika iko usoni: mpasuo wa mdomo wa mkubwa hupita hadi nyuma ya jicho, wa huyu huishia chini ya jicho. Rangi ya mdomo usiitegemee peke yake, maana wa mkubwa ni wa njano siku nyingi, lakini ukifika wakati wa kuzaa hugeuka mweusi.

Sasa yule unayemwita kinda. Mdomo mweusi, miguu myeusi, lakini vidole vya njano, utadhani amekanyaga unga wa bizari. Anakimbia huku na huku, anatikisa mguu mmoja ndani ya tope mpaka visamaki vishtuke, ndipo anapodona. Na Mjomba, kinda la yule mkubwa likianza kuruka huwa limeshakaribia kimo cha wazazi wake. Huyu kadogo ni mtu mzima na kwake.

Wa nne sikumpata majini. Yuko kwenye mabua ya mpunga nje ya mji, nyuma ya ng'ombe wa Wasukuma. Hifadhini huwafuata nyati na tembo. Mfupi, mnene wa shingo, mdomo wa njano, na msimu wa kuzaa hupata rangi ya chungwa iliyofifia kichwani, kifuani na mgongoni. Kule nyumbani tunasema anakula kupe. Samahani tena: chakula chake hasa ni panzi wanaorushwa na kwato. Mama mmoja muuza mchele, mzaliwa wa Katumba, kwenye makazi ya Warundi waliokimbia mwaka 1972, aliniambia kwao ndege huyu ni inyange. Nilifurahi kama niliyekutana na ndugu wa yangeyange.

Manyoya marefu ya yangeyange ya msimu wa kuzaa yaliwahi kuwaponza. Yalipambwa kwenye kofia za mabibi wa Ulaya na Marekani, na ndege wakauawa viotani kwa makundi, hadi mwaka 1889 wanawake wa Uingereza walipoanzisha chama cha kuipinga biashara hiyo. Kwa ajili ya kofia!

Jioni nikamwona yangeyange mweusi. Alikunjua mbawa kuuzunguka mwili kama mwavuli, akaingiza kichwa ndani ya kivuli chake mwenyewe, akatulia kidogo, akaukunja, akasogea hatua mbili, akaufungua tena. Nikamkumbuka yule mweusi uliyetuonyesha mwambani kule pwani siku nyingine, nikataka kukuandikia kuwa ndiye huyu. Bahati nikapekua kitabu cha ndege cha yule askari kwanza. Wa pwani ni mwingine: yangeyange wa ukanda wetu ambaye huzaliwa mweupe au mweusi, na wa rangi hizi mbili huoana.

Kwa hiyo siku ile uliposema yule mweusi na mweupe ni ndugu, nasi tukakucheka mbele ya wageni, wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Niombee radhi kwa Shangazi pia, maana yeye alikutetea. Maji yakipwa, nenda kamwangalie kooni: wa kwetu akiwa mweusi mara nyingi ana doa jeupe chini ya kidevu, wa mwavuli hana. Uniandikie.

Mpwa wako