Flandria ya Ufaransa na Lugha ya Nyumbani

Mwezi huu twataka kuwaelezeni habari za pembe ya kaskazini ya nchi ya Ufaransa, iliyo kando ya mpaka wa Ubelgiji. Nchi hiyo huitwa Flandria ya Ufaransa, na mambo yaliyowapata wenyeji wake yafaa kufikiriwa na kila mzazi na kila mwalimu.

Nchi yenyewe ni tambarare. Pwani pana vilima vya mchanga, na nyuma yake yako mashamba yaliyopatikana kwa kuchimba mitaro na kuyaondoa maji. Mengine yako chini kuliko bahari, hata mitaro isipotunzwa maji hurudi. Bara kidogo pana mlima wa Cassel. Kimo chake ni mita 176 tu, lakini kwa kuwa pande zote ni uwanda, aliye juu yake huona mbali sana.

Majina ya miji yatuonyesha asili ya watu. Dunkerque maana yake ni kanisa la vilima vya mchanga. Hazebrouck ni kinamasi cha sungura. Steenvoorde ni kivuko cha mawe. Maneno hayo si ya Kifaransa, bali ni ya Kiflandria, tawi la Kiholanzi, nao ndio usemi wa jirani zao walio ng'ambo ya mpaka. Maana zamani nchi hizo mbili zilikuwa moja.

Vita ndivyo vilivyozitenga. Mwaka 1658 majeshi ya Ufaransa na Uingereza yaliwanyang'anya Wahispania mji wa Dunkerque, ukapewa Waingereza. Mwaka 1662 mfalme wa Uingereza aliuuza kwa Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa. Tena mwaka 1678, kwa mapatano ya Nijmegen, Cassel na nchi iliyouzunguka zikawa zake vile vile. Wenyeji hawakuulizwa neno.

Lakini lugha haikuuzwa pamoja na mji. Michiel de Swaen (1654–1707), tabibu wa kupasua wa Dunkerque, alitunga kwa lugha ya kwao mashairi marefu juu ya maisha na mauti ya Bwana wetu Yesu Kristo, ingawa mji wake ulikuwa umekwisha kuwa wa Wafaransa. Wakulima nao waliuza, walinunua na kusali kwa Kiflandria miaka 200 na zaidi.

Ni nini basi kilichokidhoofisha? Miaka ya 1881 na 1882 zilitoka sheria zilizowalazimisha watoto wote kusoma, bila ada, na masomo yalikuwa ya Kifaransa. Faida ilikuwa kubwa, kwani watoto wa maskini walipata elimu. Lakini watoto waliosema Kiflandria shuleni waliadhibiwa, wakajifunza kukionea haya. Mapadre wengi waliendelea kufundisha katekisimu kwa Kiflandria, na kwa muda kanisa likawa kimbilio lake. Hata hivyo wazazi, wakiwatakia watoto wao kazi na heshima, walianza kusema nao Kifaransa mezani. Hakuna askari aliyeingia nyumbani kuwakataza lugha yao, waliiacha wenyewe.

Leo wakijuao vema ni wachache, na wengi wao ni wazee. Desemba 2021 serikali ya Ufaransa ilikitia Kiflandria katika hesabu ya lugha za nchi ziwezazo kufundishwa shuleni. Ni jambo la kushukuru, ila sasa mtoto hana budi kutafuta kwa mwalimu kile ambacho bibi yake angalimpa bure.

Hatusemi kwamba lugha ya shule ni mbaya. Mtoto aweza kuwa na mbili, naye hatapungukiwa. Basi, enyi wazazi, wafundisheni watoto wenu Baba Yetu kwanza kwa lugha ya nyumbani. Nanyi walimu, msimwaibishe mtoto kwa sababu ya maneno aliyopewa na mama yake.